Defile Bila Watoto

Bendera ilikuwa juu. Ngoma ilikuwa imelazwa kwenye majani. Mistari ya chokaa ya defile, gwaride la wanafunzi, imenyooka uwanjani, safi kabisa.

Watoto hakuna.

Hata mmoja!

Na gari la mzungu wa ukaguzi lilikuwa limeshaanza kunguruma kule bondeni.

Haya yalimpata mama mukubwa wangu, dada ya mama yangu, mwaka wa 1956, upande wa Nyabiondo, huko Masisi. Jina lake Adelaïde. Kila alipofika sehemu hii ya kisa alikuwa anasimama, anazunguka nyumba, ndipo anarudi kukaa. Hasira ilikuwa bado mbichi.

Ngoja nianzie mwanzo.

Adelaïde alikuwa mwalimu wa masomo ya chini, kwetu masomo ndiyo shule, msichana mbichi bado, mwanamke peke yake kati ya walimu wanaume. Watoto walimwita Mamzeli.

Mchana, masomo yakiisha, kila mtoto alikuwa na kundi lake. Wavulana walikuwa na mpira. Walikuwa na ngoma, na kuimba, na michezo ya kuigiza siku za sikukuu.

Wasichana je?

Kufagia kanisa.

Na wakimaliza kufagia, kushona vitambaa vya altare. Basi.

Jambo hilo lilimkaa Adelaïde kooni. Akamwendea mkuu wa masomo, Barthélemy, mtu wa koti jeupe na viatu vinavyong'aa hata kwenye matope.

"Papa Direkta, nipatie siku ya ine, mchana tu. Nitafungua kundi. Batoto bote, bavulana na basichana. Batasaidia bazee bale hawana muntu."

Barthélemy akacheka. "Fungua. Batachoka wenyewe."

Hawakuchoka. Kila siku ya ine, ndiyo Alhamisi, walichota maji, walipasua kuni, walilima maharagi ya vikongwe. Kundi likaitwa Musaada. Hata wavulana wa mpira wakaanza kuukimbia mpira. Aliyewaongoza mlimani alikuwa Joséphine-Marie wa darasa la tano, msichana mwenye sauti ya kuita ng'ombe wa kilima cha pili.

Halafu ikaja nyumba ya Mama Nyiraneza.

Mama huyo alikuwa mjane. Watoto wake wanaume walikuwa mbali, kwenye machimbo ya Walikale, na alibaki na mjukuu mmoja mdogo mwenye kikohozi. Paa lake la nyasi lilikuwa limeoza hadi unaona mawingu ukiwa kitandani. Majirani wenye nguvu walikuwa wamepelekwa kutengeneza barabara, kwa sababu ya huyo huyo mzungu wa ukaguzi aliyekuwa anakuja.

Watoto wakasema, tutaezeka sisi.

Siku ya ine wakang'oa nyasi zote za zamani. Wakafunga mianzi mipya. Kazi ilikuwa imeenda vizuri mno. Kesho yake wangeleta nyasi na kumaliza.

Kesho yake Barthélemy akasimama mbele ya mistari.

"Kuanzia leo, makundi yote imekufa! Iko defile tu. Asubuhi defile, mchana defile, mupaka Bwana Enspekta afike."

Adelaïde alimfuata mbio hadi mlangoni.

"Papa Direkta, ile nyumba iko wazi! Tumetoa paa yote!"

"Nani alikutuma?"

"Weye njo uliniruhusu!"

"Niliruhusu mukabebe maji. Sikia, Mamzeli. Paa haitapiga defile mbele ya muzungu."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Mvua ikanyesha jioni ile ile. Mvua ya Masisi unaijua, haibishi hodi.

Adelaïde alipopanda kilimani alimkuta Mama Nyiraneza amejibanza kwenye jiko dogo la nje, kati ya mbuzi na mawe ya moto. Mjukuu alikuwa kifuani mwake, anakohoa hadi anashika mbavu.

Mama hakumtukana. Angemtukana ingekuwa afadhali.

"Mamzeli," alisema, "ile ya zamani ilikuwa inavuja. Lakini ilikuwepo."

Weee! Maneno hayo yalimwingia Adelaïde kama mwiba.

Alikata nyasi peke yake hadi viganja vikatoka damu. Akaomba wazazi, wakasema barabara haijaisha. Akarudi kwa Barthélemy, akaomba hata darasa moja, hata mchana mmoja. Akajibiwa: "Ukigusa tena batoto ya defile, utarudi kwenu. Na hao batoto watakula fimbo mbele yako."

Hapo akavunjika moyo. Siku iliyofuata aliwaambia watoto, "Muende mupige defile."

Joséphine-Marie akauliza, "Na Mama Nyiraneza?"

Adelaïde akageukia ubao, akaanza kufuta maandishi ambayo hayakuwepo.

Sasa ndiyo tumefika kwenye ile asubuhi.

Barthélemy alikuwa anatoka jasho kama mtu aliyebeba gunia. Akamshika Adelaïde mkono. "Umebaficha wapi?"

"Mimi? Sijui, Papa Direkta! Kweli ya Mungu, sijui!"

Na hakujua.

Gari likasimama. Enspekta akashuka, mzungu mrefu mwenye kofia. Akautazama uwanja mtupu, akamtazama Barthélemy.

"Batoto iko wapi?"

Kabla mtu hajajibu, wimbo ukasikika.

Ulikuwa wimbo wa defile, ule ule waliofundishwa asubuhi na mchana, lakini unatoka juu, kilimani. Joséphine-Marie anaanzisha, wengine wanaitikia.

Enspekta akaanza kupanda. Barthélemy nyuma yake, viatu vinateleza. Adelaïde wa mwisho.

Masomo mazima yalikuwa pale. Watoto wamejipanga mstari mmoja kuanzia chini hadi nyumbani kwa Mama Nyiraneza, kila hatua ya wimbo fungu la nyasi linapita kutoka mkono hadi mkono. Mashati meupe ya defile yamekuwa rangi ya udongo. Joséphine-Marie yuko juu ya mianzi, anafunga kamba. Nusu ya paa ilikuwa imeshafunikwa.

Wimbo ukakatika.

Enspekta akalitazama paa, akautazama mstari wa watoto. Halafu akauliza:

"Nani njo alipanga kazi hii?"



Barthélemy akavuta koti lake, akasogea mbele.

"Ni mimi, Bwana Enspekta. Hapa kwetu tunafundisha kichwa, mikono na moyo."

Hebu fikiria!

Joséphine-Marie akafungua mdomo kule juu. Adelaïde akaona neno linakuja. Na ndani ya Adelaïde mwenyewe maneno yalikuwa yanachemka kama sufuria: mwongo, muulize mama huyu amelala wapi!

Lakini alimwona mjukuu amekaa mlangoni, mdomo wazi, anatazama paa. Ugomvi ukianza, watoto watashushwa. Mzungu ataondoka, fimbo itabaki.

Adelaïde akamtazama Joséphine-Marie, akatikisa kichwa. Hapana.

Mtoto akafunga mdomo. Machozi yakamshuka, akaendelea kufunga kamba.

"Vizuri sana," Enspekta akasema. "Nikirudi, nataka kuona manyumba yote ya bajane inatengenezwa hivi. Kila siku ya ine."

Paa likaisha siku hiyo. Mjukuu alipona.

Barthélemy akapelekwa kuongoza masomo makubwa zaidi. Lakini kabla ya kuondoka alihakikisha Adelaïde amehamishwa mbali, msituni, upande wa Mubi. Mtu anayejua uongo wako humtaki karibu.

Miaka mitatu baadaye, mwalimu mgeni alipita Mubi, akaanza kusifu. "Mamzeli, kule Masisi iko kazi muzuri ya batoto. Bajane hawalale tena na mvua. Banaiita Kundi ya Barthélemy. Na weye ufungue moja hapa, ujifunze kwao!"

Adelaïde akamwambia, "Asante, kaka. Nitajaribu."

Akaenda nyuma ya nyumba, akapasua kuni hadi zikaisha.

Nilimuuliza kama alijuta kunyamaza. Akasema, "Paa haikuvuja. Singebadilisha. Lakini usiniambie nifurahi."

Nimejifunza hili: anayefanya wema ana haki ya kukasirika wema huo ukiibiwa. Na sisi tunaojua ukweli, kazi yetu ni kuutaja.

Basi nautaja. Lile kundi lilianzishwa na Adelaïde Mukandayisenga.