Niliwafundisha Wagonjwa Wenzangu Kula Managu

Jina langu lifichwe tafadhali, maana Kitale ni ndogo na wazazi wa wanafunzi wangu wanasoma ukurasa huu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa miaka arobaini na moja. Niliwekewa valvu ya moyo, na tangu hapo nameza kila siku dawa ambayo sisi wagonjwa tunaiita dawa ya kupunguza damu.

Jina hilo ndilo lilinipoteza. Nikajiambia, kama inapunguza damu, basi lazima mtu airudishe. Nikaanza kula kwa wingi managu, mboga ya kienyeji inayosifiwa kuongeza damu, na kwa vile nimezoea kufundisha, nikawahubiria wenzangu kwenye benchi la kliniki. Waliniitikia kama darasa. Nilijisikia sana, sitadanganya.

Kliniki iliyopita, muuguzi alituita mmoja mmoja kutuuliza maswali, apime kama tunaijua dawa tunayomeza. Kabla zamu yangu haijafika, akatoka nje ameshika kiuno.

"Nani anawafundisha hii maneno? Kila mtu ananiambia damu inapungua, ati managu inarudisha! Hii dawa haipunguzi damu, inazuia isigande. Mboga ukiziongeza hivyo, dawa inashindwa, na damu ikiganda kwa valvu utakufa. Mboga kuleni, lakini kiasi kile kile siku zote."

Benchi zima likatazama chini. Hakuna aliyenitaja, na hilo liliniumiza zaidi. Akauliza kama kuna mwenzetu mwingine anayekula hivyo. Nikanyamaza, ilhali nilijua yupo: mama mmoja wa Kamukuywa, mwenye valvu kama yangu, ambaye siku hiyo hakuja.

Jioni nikampigia simu nimwambie ukweli. Hakunipa nafasi.

"Mwarimu! Mungu akubariki bana. Hiyo managu nakula asubuhi na jioni, mpaka supu nakunywa. Kliniki hata sikuenda, si nimepata nguvu?"

Nikasema vizuri mama, salimia watoto. Nikakata simu. Mwalimu mzima! Naona aibu hata kusimama mbele ya darasa.

Mume wangu anasema niachane naye, atajua mwenyewe akienda kliniki. Lakini haendi, kwa sababu yangu. Jana mama huyo alituma ujumbe kwamba Jumapili ananiletea jogoo wa shukrani.

Nishaurini upesi, ndugu zangu. Mtu anayeniombea baraka, nitamwambiaje kwamba mimi ndiye ninayemuua?