Viti vya Chama

Sebule yetu hapa Kaptembwa ni ndogo. Mtu mzima akilala chali katikati na kunyoosha mikono, anakaribia kugusa kuta zote mbili. Najua kwa sababu niliwahi kulala hivyo, tulipohamia bila kitu, nikikadiria mahali pa kupitishia waya wa taa. Siku hizi jambo hilo haliwezekani. Sakafu haionekani, isipokuwa ukanda mwembamba kati ya viti na meza, ambao tunaupita kwa ubavu kama watu wanaopita kanisani ibada ikiendelea.

Viti hivyo vililetwa na chama. Mke wangu ni mwanachama wa chama cha wanawake wa mtaa wetu, ambao kila mwezi humtembelea mmoja wao na kumpelekea kitu cha nyumba. Walianza na vikombe na chupa za chai. Baadaye zikaja blanketi, mapazia, mitungi ya gesi. Utaratibu wao ni kwamba kitu kimoja kinazungushwa mpaka kila nyumba ikipate, cha aina moja na ikiwezekana rangi moja, ndipo waanze kingine. Lengo ni kwamba mwanamke yeyote asiingie kwa mwenzake akajiona mdogo. Na kwa kuwa kitu kimenunuliwa kwa jasho la wote, hakiuzwi, hakigawiwi, wala hakiondolewi nyumbani mwanachama akiwa bado ni mwanachama. Mimi ni fundi wa friji, kazi niliyojifunza mwenyewe kwa vitabu vya mitumba na kwa kuharibu friji kadhaa. Napenda mambo yenye utaratibu. Niliposikia kanuni hizo niliona ni za watu wenye akili, na bado naona hivyo.

Zamu ya viti ilipofika kwetu, tuliletewa seti ya watu saba: kiti cha watu watatu, cha watu wawili, na viwili vya mtu mmoja mmoja, vyote vya rangi ya maruni, vyenye migongo mirefu na mikono minene kama magunia ya viazi. Fundi na vijana wake waliviingiza kwa kuvigeuzageuza mlangoni. Mke wangu akavitandika vitambaa alivyoshona mwenyewe. Jioni ile nilikaa kwenye kile kikubwa, nikazama, nikafurahi. Siwezi kusema vinginevyo.

Miezi michache baadaye wezi walivunja nyumba mbili za ploti yetu wakabeba runinga. Mwenye ploti akaleta mchomeleaji, akaweka mlango wa chuma kwa kila nyumba, fremu yake ikiwa ndani ya ile ya mbao. Tulimshukuru. Hakuna aliyepima upana uliobaki. Tuligundua tu pale mpangaji mmoja alipohamia Naivasha na vitu vyake vyote vikatoka isipokuwa viti. Aliviacha. Aliyepanga baada yake, ambaye alikuja na viti vyake, alilazimika kuvipeleka kwa dada yake.

Kisha mama yangu akaanguka. Anaishi peke yake juu huko Mau Narok, kwenye kipande cha shamba alichoachiwa na baba. Ilikuwa wakati wa kuchimba viazi, mvua imenyesha, akateleza na nyonga ikavunjika. Alifanyiwa upasuaji hapa Nakuru, na siku ya kuruhusiwa kutoka, daktari wa mazoezi ya viungo alituita kando mimi na mke wangu. Alisema mfupa umeshikana vizuri, lakini mguu utakuwa kama utakavyotumiwa. Alitupa fremu ya kutembelea, ile ya chuma yenye miguu minne. Mama atembee kila siku ndani ya nyumba, aende arudi, aende arudi, na kila wiki aletwe kliniki. Asipofanya hivyo mguu utakakamaa na hatashuka shambani tena. Kutoka Mau Narok kuja kliniki kila wiki, kwa barabara ile na matope yale, kusingewezekana. Kwa hiyo akaja kwetu.

Alilala na binti yetu kwenye kitanda chetu, mvulana akabaki na kitanda chake cha juu, sisi wawili tukalala kwenye viti. Hilo lilikuwa rahisi. Asubuhi ya kwanza nilimsimamisha mama mlangoni mwa chumba cha kulala na fremu yake mbele. Fremu ikagota kwenye mkono wa kiti. Nikaigeuza, ikagota kwenye meza. Tukatoa meza, tukaisimamisha jikoni, lakini kiti cha watu wawili kilikuwa kimejitokeza kiasi kwamba bado fremu haikupita. Nje kuna ngazi, kisha korido iliyoinama ambayo wapangaji wote hufulia nguo, na daktari alikuwa amekataza hata kuifikiria. Mama akasimama pale kwa muda ameshika fremu yake, akaangalia viti kama mtu anayeangalia ng'ombe wa jirani waliolala njiani. Halafu akauliza kama kuna mtu anaweza kuvisukuma.

Hapakuwa na pa kuvisukumia. Uvungu wa kitanda ulijaa chupa za chai na blanketi ambazo hazijawahi kufunguliwa. Nilienda kwa jirani wa mkono wa kushoto, mwanachama mwenzao, nikamwomba anitunzie kiti kimoja kwa miezi michache. Wakati huo nilikuwa nimeshasahau kikwazo cha mlango wa chuma, lakini yeye hakuhitaji kufika huko. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Wewe fundi wacha mchezo. Mimi mwenyewe nikitaka kufagia, lazima kwanza nitoke nje nifikirie nitaingia na mguu gani."

Alifungua mlango nione. Ilikuwa sebule yetu ileile, maruni kwa maruni.

Kazi yangu huniingiza kwenye nyumba nyingi. Nimetengeneza friji Milimani, kwenye nyumba yenye friji mbili na watu wawili, ambapo ile ya pili iliwekwa kuhifadhi kilichozidi kwenye ya kwanza. Nimeenda Karagita, kwenye chumba kimoja cha mfanyakazi wa shamba la maua, ambako ilibidi nipande juu ya kochi nivuke kitanda ndipo nifikie friji, na mwenye nyumba akaniomba radhi akisema wanatafuta nyumba kubwa zaidi. Zamani nilikuwa nikitoka katika nyumba kama hizo nikiwaza juu ya watu wale. Nilipokuwa nikivuka korido kurudi kwetu siku hiyo, niliwaza juu ya fremu yetu ya mlango tu. Nilichukua futi nikapima mlango, nikapima kiti. Hakikutoka kwa namna yoyote. Msimamizi wa ploti alisema mlango wa chuma haukatwi, ni amri ya mwenyewe, na kama nina shida na viti niongee na viti.

Nikamwambia mke wangu tukate kile cha watu wawili.

Yeye alikuja Nakuru kutoka magharibi akiwa msichana wa kazi, na nyumba ya kwanza aliyoalikwa kama mgeni alikalishwa juu ya mtungi wa maji huku wenzake wakikaa kwenye viti. Hajawahi kuisahau. Baba yake alipofariki, ni chama kilichokodisha gari la mazishi na kusafiri usiku kucha hadi kwao. Mimi sikuwa na uwezo huo. Alinikumbusha haya yote bila kuinua sauti, akikunja vitambaa, kisha akasema, "Mzee, ukikata hicho kiti mimi nitakuwa nimewaambia wale wamama kwamba walinizikia baba bure."

Tukaacha. Mama akawa anashinda kwenye kiti kikubwa, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na mlango wa chumba. Kilikuwa kirefu kwenda ndani na laini mno. Mtu mwenye nyonga mbovu akishazama humo hawezi kunyanyuka bila kuvutwa. Kliniki ya kwanza daktari aliuliza kama anatembea. Mama alisema anatembea kidogo. Daktari alimkunja goti, akamwangalia usoni, akaniangalia mimi.

Siku moja nilirudi mchana nikamkuta mke wangu anafua nje, na nguo zilizo kwenye beseni zilikuwa za mama. Mke wangu alikuwa ameenda dukani tu. Mama alitaka kwenda msalani, hakuweza kujiinua kutoka kwenye kiti, na hakutaka kuita majirani. Mke wangu alimsafisha, akambadilisha, akamlaza. Aliniambia hayo akiwa ameinamia beseni. Alipomaliza kukamua akasema, "Leta msumeno."

Tulikikata palepale sebuleni, watoto wakipokea vipande na kuvipitisha mlangoni. Nilitarajia kazi ngumu. Chini ya kile kitambaa cha maruni kulikuwa na mabaki ya mbao za saipresi yenye maganda, vipande vya katoni na magunia yaliyokunjwa. Msumeno ulipita kama unakata mkate. Mke wangu alishika katoni moja yenye maandishi ya kampuni ya sabuni, akaigeuza huku na huku, akaiweka chini.

Tulipofagia, palikuwa na nafasi kutoka mlango wa chumba hadi dirishani. Mama alitembea siku hiyohiyo. Mke wangu alitembea mbele yake kinyumenyume, mikono ameinyoosha, akimwita bibi kama watoto wanavyomwita, "Shosho, moja tu. Moja tena." Mama alilalamika kwamba anafundishwa kutembea kama ndama anayefungwa kamba mara ya kwanza, na kwamba hata ndama hupewa nyasi. Lakini alifika dirishani. Akashika kingo zake, akachungulia nje akitweta, akauliza yule kuku ni wa nani. Kila siku ilikuwa hivyo, asubuhi na jioni. Kliniki iliyofuata daktari hakuuliza kitu. Alimtazama akiingia tu, akatabasamu.

Kwa mwenyekiti wa chama mke wangu alisema kiti kimevunjika, mbao zilikuwa zimeoza. Aliona hilo ni jepesi kuliko kusema tumekikata. Mwenyekiti, mama mmoja mnene mwenye moyo mzuri ambaye huuza nguo sokoni, alisema pole, na kwamba watakuja kumwona mgonjwa.

Walikuja Jumamosi. Tuliwasikia wakiimba tangu getini. Waliingia na unga, sukari na mafuta ya kupikia, kama desturi ilivyo, wakamsalimu mama mmoja mmoja wakimshika mikono yote miwili. Nyuma yao korido ilizibwa na mkokoteni. Juu yake kulikuwa na kiti cha watu wawili, cha maruni, kimefungwa kwa nailoni.

Mwenyekiti alisimama katikati ya sebule, mahali palepale mama alipokuwa ametembea asubuhi. Alisema walivyosikia kiti kimevunjika hawakulala vizuri. Wanachama wengine waliokuwa wakingoja zamu zao walikubali zamu zisogezwe. Alisema hata fundi wamemgombeza kwa zile mbao, na safari hii mikono ya kiti ni ya kufungwa kwa bolti na kufunguliwa, ili kiti kipite kwenye mlango huu wa chuma.

"Tulikubaliana hakuna nyumba ya mwenzetu itakuwa na pengo," akasema. "Sembuse nyumba yenye mgonjwa."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mke wangu alinitazama. Nilikuwa na sentensi tayari kichwani, fupi na ya adabu, ya kueleza jinsi mambo yalivyo. Lakini mama alinitangulia. Aliomba anyanyuliwe, akashika fremu yake, akawashukuru. Alisema amezeeka na hajaona wanawake wasio ndugu wakimfanyia mtu hivi. Aliwaombea, akakiombea na kiti, kwamba watakaokikalia wakae kwa amani. Baada ya amina, macho yote yakanigeukia mimi kama mwenye boma. Nikasema tumeshukuru. Nilisema hata mambo mengine mazuri, na yote yalikuwa kweli.

Vijana wa mkokoteni wakakifunga bolti. Kiliingia kwenye nafasi ile barabara, kwa sababu kilipimwa kwa mfano wa kile cha kwanza. Mama alikalishwa hapo awe wa kwanza kukizindua, wakapiga picha.

Nilijua kukata cha pili hakuwezekani, wala kukifungua bolti na kukitoa, maana kanuni ya chama haikuruhusu. Mama naye alijua. Asubuhi nilipomvuta kutoka kitini alinishika kifundo cha mkono, hakuniachia.

"Kijana yangu, nirudishe nyumbani."

Nikamkumbusha kliniki. Alisema hapa ana daktari na hana pa kukanyaga, kule ana pa kukanyaga na hana daktari, na kati ya hayo mawili anachagua sakafu. Mke wangu alimsihi sana. Alilia pia, akiwa amesimama mlangoni mwa jikoni kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Wiki iliyofuata nilimpeleka.

Nyumbani kwake anatembea kutoka kitandani hadi mlangoni, na siku za jua hadi kwenye tangi la maji. Mguu umekakamaa gotini kama daktari alivyosema. Viazi vya msimu huu vilipandwa na watu wa kukodi, yeye akiwaelekeza kwa sauti kutoka mlangoni, nao wakipanda wanavyojua wao. Nilirudi kwa daktari peke yangu kumuuliza. Alisema bado muda haujaisha kabisa, kwamba akiletwa mjini akae karibu na kliniki, pengine goti lingelegea kiasi.

Mke wangu anataka tumlete. Mimi pia. Jioni huwa tunalizungumza, nani alale wapi, nani ampeleke kliniki, na tunalizungumza tukiwa tumekaa, kwa sababu sebuleni hakuna pa kusimama.