Mzee Aliyeitii Barua

Jumanne nilipanga foleni kwenye kaunta ya ukaguzi wa magari hapa Dodoma. Mbele yangu alisimama mzee kutoka Mpwapwa, barua ameishika kwa mikono miwili. Ilisema usajili wa pikapu yake umesimamishwa mpaka ailete kukaguliwa.

"Shikamoo, baba," askari kijana alimsalimu, akainuka kidogo kitini.

"Marahaba, mwanangu."

"Pole na safari. Umekujaje?"

"Nimekuja na pikapu yangu, ile pale nje." Mzee aliionyesha kwa kidevu, kwa fahari kabisa.

Tabasamu la askari likakatika. "Baba, gari ambalo usajili wake umesimamishwa haliruhusiwi barabarani. Kuliendesha ni kosa. Litabaki hapa, na wewe utakwenda mahakamani."

"Si mmeandika niilete?"

"Uilete, lakini si kwa kuiendesha. Ilitakiwa ivutwe."

"Ivutwe na nini, mwanangu? Kijijini kwetu gari ni hilo hilo."

Askari alichukua bisibisi, akatoka, akang'oa namba za mbele na za nyuma, taratibu, kwa adabu. Kisha akampa mzee mkono. "Safari njema, baba."

Sheria inayofoka nimeizoea. Hii inayotuamkia shikamoo huku inatunyang'anya, sijui tuikimbilie wapi.

Zamu yangu ilipofika, askari aliniuliza nimekujaje. Gari langu, nililoliegesha pale nje, halidaiwi hata karatasi moja.

"Kwa miguu," nikajibu.