Wanunuzi wa Jumamosi

Mwenye nyumba wetu wa Mabatini alitukusanya wapangaji wote uani Jumapili moja, akapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa ili tumwone vizuri, akatangaza kwamba nyumba imeuzwa. Aliyenunua anabomoa na kujenga ghorofa: chini fremu za maduka, juu vyumba vya wageni. Tulipewa miezi sita. Jirani mmoja akauliza kama kodi ya miezi hiyo tutalipa. Mwenye nyumba akasema hapana, na watu wakapiga makofi utadhani tumeshinda kitu.

Mimi na mdogo wangu tulikuwa tumekaa pale miaka tisa katika vyumba viwili, mimi nikifundisha darasa la tatu, yeye akishona nguo barazani. Tulikubaliana kwamba safari hii hatuhamii kwa mtu. Tunanunua kiwanja chetu wenyewe, hata kama ni cha kutosha kitanda na cherehani.

Wiki za mwanzo zilitutoa jasho. Nyegezi tulitajiwa bei, mdogo wangu akageuka huku na huku akauliza, "Na nyumba yenyewe iko wapi?"

"Hapana, dada," muuzaji akamjibu kwa upole. "Hiki ni kiwanja."

Buhongwa, ambako shangazi yetu alikuwa akilima viazi vitamu tukiwa wadogo, tulionyeshwa eneo lililojaa jiwe moja kubwa kama kanisa. Muuzaji alilihesabu jiwe lile kuwa faida, eti mawe ya msingi tayari tunayo. Kila tulikokwenda tuliambiwa tungekuja mwaka juzi, bei ilikuwa bado chini. Mwaka juzi ulikuwa mwaka wa ajabu sana. Kila mtu alinunua isipokuwa sisi.

Halafu ikaja Jumamosi ya harusi. Tulikuwa tunarudi kutoka kwenye sherehe maeneo ya Nyegezi, tumevaa magauni ya kitenge ambayo mdogo wangu alikuwa ameyashona kwa wiki mbili, yana mikono mikubwa kama mito ya kulalia. Yeye alikuwa na miwani ya jua, mimi kilemba kilichoniongezea urefu wa futi nzima. Tukasimama kusoma kibao kilichobandikwa kwenye geti refu: NYUMBA INAUZWA. Tulisimama kusoma tu, jamani. Lakini dalali alikuwa amekaa ng'ambo ya barabara juu ya pikipiki yake, na alivyotuona alivuka mbio.

"Karibuni, mabosi! Karibuni ndani mjionee."

Nilifungua mdomo kumwambia hapana. Mdogo wangu akaniwahi. "Ina vyumba vingapi?" akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo maishani.

Vilikuwa saba. Bafu la juu lilikuwa kubwa kuliko vyumba vyetu viwili ukiviunganisha, na lilikuwa na dirisha ambalo unaoga ukitazama ziwa. Mdogo wangu akavua viatu, akaingia kwenye sinki la kuogea, akalala chali na gauni lake lote.

"Najipima urefu," akamweleza dalali.

"Pima tu, madam."

Mimi nilitoka nikajifanya nakagua ukuta wa nje, maana kicheko kilikuwa kimenifika kooni. Tulipoondoka, tukamlipa dalali elfu kumi yake ya kuonyeshwa, tukakata kona, tukakaa chini ukingoni mwa mtaro na mavazi yale, tukacheka mpaka mama mmoja muuza karanga akatuuliza kama tumefiwa.

Tuliapa hatutarudia. Jumamosi iliyofuata dalali akapiga simu: amepata nyingine, nzuri zaidi. Saa nane tulikuwa tumeshavaa.

Tulijiwekea masharti. Dalali analipwa hela yake ya kuonyeshwa kila mara. Hatutaji bei. Hatutoi ahadi. Kasoro atazitafuta mdogo wangu, kwa kuwa ana kipaji. Nyumba ya ghorofa tatu aliikataa kwa sababu ngazi zilikuwa zinamtazama vibaya. Nyingine aliilaumu kwa kuwa jiko lilikuwa karibu mno na chakula, na dalali, maskini, akalitingishia kichwa jambo hilo kwa uzito wote.

Siwezi kusema tulikuwa tunacheka muda wote. Njia tuliyokuwa tukipita utotoni kwenda kuoga ziwani sasa ilikuwa inaishia kwenye ukuta wenye nyaya za umeme. Mahali ambapo wanawake walikuwa wakianika dagaa palikuwa na nyasi za kumwagilia. Nilisimama pale kidogo. Kisha mdogo wangu akaniita nikaone taa inayowaka yenyewe ukipiga makofi, na nikaenda, nikapiga makofi.

Jumamosi ya nne dalali alitupeleka Luchelele. Katikati ya majumba mawili marefu kulikuwa na nyumba moja ya zamani, fupi, ya bati lililofifia, imejibanza kwenye mawe, na mipera inashuka hadi ufukweni. Mwenyewe alikuwa mjane wa makamo ya mama yetu, amesimama mlangoni na khanga kiunoni.

"Mwadila," akatusalimu kwa kilugha.

"Mwadila, mayu. Shikamoo."

"Marahaba. Karibuni mle kwanza."

Alituletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, akakaa, akatutazama kwa zamu. "Mnafanya kazi gani, wanangu?"

"Madini," akajibu mdogo wangu.

"Madini gani?"

"Yale ya... Geita."

Dalali akaanza kueleza ukubwa wa eneo, mdogo wangu naye akaanza kueleza madini, wote kwa pamoja, hakuna anayesikika. Mikono yangu ikapiga makofi mawili yenyewe. "Mmoja mmoja!" nikasema. "Hatuko sokoni hapa!"

Yule mama akaweka kikombe chini polepole.

"Darasa la ngapi?" akaniuliza.

"La tatu B," nikajibu, kabla sijajua najibu nini.

Alicheka mpaka khanga ikamlegea. Yeye mwenyewe alikuwa amefundisha miaka thelathini na kitu. Dalali alikuwa anatutazama kama aliyeambiwa kuku wake ni bata. Nikamweleza ukweli wote, nikamwomba radhi. "Lakini hela yangu mlilipa kila mara," akasema. "Kuna matajiri hawalipi." Akachukua michembe mingine.

Ndipo mama akatuambia lake. Hakuwa anauza. Mwanawe wa Dar ndiye aliyetaka mama ahamie kwake, eneo liuzwe, maana bei ya ufukweni ilikuwa imepanda wazimu. Yeye aliona aibu kumkatalia mtoto anayemjali, kwa hiyo akawa anapandisha bei. Mtu akikubali milioni mia mbili, yeye anasema mia mbili na hamsini. Akikubali hizo, mia tatu. Alikuwa na miaka mitatu anakimbizana na wanunuzi kwa namna hiyo, na alikuwa anaufurahia sana mchezo.

"Sasa kumbe mimi muuzaji wa uongo, ninyi wanunuzi wa uongo," akasema, "na tumepotezeana Jumamosi!"

Wiki mbili baadaye akanipigia simu nikiwa nasahihisha madaftari. Mwanawe alikuwa amekuja ghafla na mnunuzi wa kweli. "Njooni," akaninong'oneza. "Vaeni vilevile."

Tulifika na mikono yetu ya mito ya kulalia. Mwanawe alikuwa mtu mrefu, mpole, ana mafaili kwapani. Mnunuzi alikuwa bwana mnene aliyekuwa akifuta jasho kila dakika. Mama akatutambulisha: hawa nao wanaitaka nyumba, na wameshafika mia tatu na hamsini. Mimi, mwenye akiba ya milioni kumi na moja ya watu wawili, nikatikisa kichwa taratibu kukubali.

"Mia nne," akasema yule bwana.

Mdogo wangu akavua miwani ya jua, akaifuta, akaivaa tena. "Mia nne na hamsini."

"Mia tano," akasema bwana, bila hata kufuta jasho. "Na namalizana leo."

Nikamkanyaga mdogo wangu mguu kwa nguvu. Mama akafungua mdomo, nikajua atasema mia sita, na nikajua kwamba bwana yule atakubali hizo pia. Mama naye alijua hivyo. Akamgeukia mwanawe.

"Siuzi," akasema.

"Kwa mia tano, mama?"

"Kwa bei yoyote. Nimewazaa hapa, baba yenu amelala pale chini ya mipera. Asubuhi naingia majini mpaka magotini, hakuna anayeniuliza. Dar nitaingia wapi?"

Mwanawe akakaa kwenye ngazi na mafaili yake. "Mama, ungesema tu tangu mwanzo."

"Nilikuwa nasema! Kila nilipopandisha bei nilikuwa nasema."

Mwanawe akajifunika uso. Nilidhani analia, mpaka mabega yalipoanza kuruka. Alipotulia akatuuliza sisi kama bado tuna hizo mia nne na hamsini, na hapo mdogo wangu akashindwa kabisa, akaangukia mkeka. Ilibidi bwana mnunuzi aelezwe yote. Alinuna kidogo, kisha akaletewa sangara wa kuchemsha na ugali wa muhogo, akala sahani mbili, akasema kwa kweli hata yeye asingeuza.

Mwana wa yule mama alibakiwa na jambo moja tu la kumkosesha usingizi: mama kukaa peke yake. Uani kulikuwa na vyumba viwili vilivyojaa magunia na baiskeli mbovu. Mama akatupangisha vyumba hivyo kwa kodi ileile ya Mabatini, na mwanawe alilipa fundi wa kupaka rangi. Dalali alibeba cherehani kwa pikipiki yake, akakataa malipo, akataka tu kushonewa shati.

Kwa hiyo hatujanunua. Tumehamia tena kwa mtu, kinyume cha makubaliano yetu. Kiwanja tunakitafuta ng'ambo ya daraja, upande wa Busisi, ambako bado watu wanakutajia bei bila kukohoa, ingawa nasikia nako wameanza kusema mambo ya mwaka juzi. Asubuhi ya kwanza tuliyoamka Luchelele, mama alitugongea dirisha kabla sijapiga mswaki, khanga ameifunga kifuani, anatuambia maji yana joto. Mdogo wangu alitoka na gauni la kulalia akapita mbele yake akikimbia kuelekea ziwani, huku jirani wa ghorofani akitutazama kutoka kwenye roshani yake ya vioo. Tulimpungia mkono. Akasita, kisha naye akapunga.