Mchanga wa Mama Rukia

Nikinusa udi, kidole changu cha shahada huanza kuwasha. Duka la Mama Rukia, pale Maisaka, Babati, lilinukia udi kila alasiri, umechanganyika na mafuta ya taa, sabuni za mche na maharage mapya ya kwenye magunia mlangoni. Nyuma ya duka kulikuwa na kibaraza ambako watoto wadogo wa mtaa tulikaa mkekani, kila mmoja na sinia lake la mchanga. Mama Rukia aliuchekecha mpaka ukawa laini kama unga, akatusawazishia kwa kiganja, nasi tukaandika herufi kwa kidole huku tukiimba kwa pamoja: ei, bii, sii. Tukimaliza alitikisa sinia, herufi zikapotea, tukaanza upya. Mimi niliona raha tupu. Bibi yangu aliona kitu kingine kabisa.

Bibi, mama yake mama, alikuwa mtu wa kushuku. Muuza maziwa alimwagiwa maneno kabla hajamwaga maziwa, na mgeni akipiga hodi aliulizwa ukoo mzima ndipo apewe kigoda. Siku moja alikuwa anarudi kutoka shambani Sigino, jembe begani, akachungulia juu ya wigo wa Mama Rukia. Akaona moshi wa udi. Akaona watoto wanachora mchangani kwa vidole na kuitikia maneno asiyoyaelewa, kisha mama mwenye ushungi anafuta kila kitu kisibaki hata alama. Enzi zake waliofanya hivyo ni wapiga ramli, wale wanaosoma mambo ya watu kwenye mchanga, na mtoto hapelekwi huko. Alifika nyumbani hata jembe hajatua. "Mama Neema, mtoto umempeleka kwenye ramli?"

Mama alicheka, kisha akaona uso wa Bibi, akaacha. Kazi yake ilikuwa kupika chakula stendi, na jambo moja tu alilitaka duniani: mimi niingie shule ya Kiingereza iliyofunguliwa upande wa Nakwa. Ili kuingia, mtoto alikaa mbele ya mwalimu na kuandika jina lake na herufi ndogo, na asiyeweza alirudishwa nyumbani. Nyumbani kwetu hakuna aliyejua Kiingereza hata cha kuombea maji. Mtaani aliyesoma sekondari na bado akakumbuka alikuwa Mama Rukia peke yake. Bila yeye, hakuna shule. Bibi akajibu kwamba afadhali nikose shule kuliko niingie nimeshafanyiwa mambo.

Basi nikawa mtuhumiwa na shahidi kwa wakati mmoja. Kila jioni Bibi alininusa kidole, akanisugua mikono mpaka ngozi ikauma, akanihoji kwa Kigorowa, maana nyumbani mambo mazito yote yaliongewa kwa Kigorowa. Amenipa maji ya kunywa? Ameuliza jina la babu? Nikasema hapana, leo tumejifunza kuzungusha herufi bila kuinua kidole. Bibi akamkazia mama macho. "Umesikia? Bila kuinua!" Usaili ulipokaribia alinikataza kabisa kwenda. Nililia mpaka nikapata kwikwi, na mama naye akalia jikoni, akisingizia moshi.

Sijui kilichomgeuza Bibi ni kilio changu au cha mwanaye. Kesho yake alijifunga kanga, akachukua rozari yake, akanishika mkono tukaenda wote.

"Shikamoo, mama. Karibu," Mama Rukia alisema.

Marahaba ya Bibi haikuwa na sukari. "Huu mchanga ni wa nini? Na mbona mnafuta?"

"Nafuta ili wakosee bila kuogopa, mama. Kwenye karatasi kosa linamtazama mtoto. Na penseli ukimpa mapema anaibana mpaka inavunjika."

"Na udi?"

"Mama, wewe huyasikii haya mafuta ya taa yanavyonuka?"

Bibi hakuamini hata chembe. Alikalia gunia la maharage akatulinda alasiri nzima, rozari inazunguka vidoleni. Aliletewa chai ya tangawizi akaiacha ipoe. Alasiri iliyofuata alisubiri Mama Rukia anywe kwanza kutoka birika lile lile, ndipo naye akaonja. Mpaka siku ya usaili hakuacha kuja, na hata tulipoanza kushika penseli alizikagua moja moja, akazinusa.

Nikaandika jina langu, nikapokelewa. Bibi, aliyekuwa amesimama dirishani, alipiga kigelegele mwalimu akaangusha chaki. Lo, siku ile tulifurahi! Ila Kiingereza cha shule ile hakikutaka mwenzake. Aliyeongea lugha nyingine, hata akicheza, alivishwa kibao shingoni akashinda nacho. Nilivishwa, nikajifunza haraka. Nikaanza kumjibu Bibi kwa Kiswahili, naye akanifuata huko huko, kwa taabu, ili tusipoteane. Hakuna aliyegundua Kigorowa kilinitoka lini. Kuondoka kwake hakukunukia udi.

Leo nina binti wa chekechea hapa hapa Babati. Jioni namshika mkono afuate herufi za nukta nukta kwenye karatasi anazopewa shuleni, na anafanya vizuri, mashallah, kama majirani zangu Waislamu wanavyosema. Kiingereza kimenipa kazi, sikitukani. Lakini wazazi wenzangu wanashindana tu nani mtoto wake ameanza mapema, na sioni anayeuliza maswali kama ya Bibi. Mimi nayauliza, namuudhi mwalimu, na majibu yake siyaamini. Bibi alishuku mtu siye. Ila kwamba kuna kitu kinachukuliwa, hapo hakukosea.

Bibi alipougua mara ya mwisho, ugonjwa ulimfutia Kiswahili chote, akabaki na Kigorowa. Mchana mmoja mama alikuwa ametoka kuchota maji, tumebaki wawili. Bibi akanishika mkono, akataja jina langu, akaongea polepole, kwa kirefu, akili zake timamu kabisa. Mwishoni sauti ikapanda, akanitazama. Lilikuwa swali. Nikasema, "Ndiyo, Bibi." Akapumua, akatabasamu, akafumba macho. Mama aliporudi aliniuliza Bibi amesema nini, na sikuwa na la kumwambia.