Jumuiya Ilipompelekea Mama Viraj Unga

Mama Viraj alizaliwa Ngara, akaolewa Parklands, na huko ndiko amezeekea. Marehemu mumewe alikuwa na duka la vyombo River Road. Alipofariki, mama aliuza duka lakini akabaki na sufuria kubwa kubwa. Ndizo tunazopikia kila Jumatatu na Alhamisi, kwenye uwanja nyuma ya zahanati moja, chakula cha familia za mtaa wa mabanda wa Deep Sea.

Mimi nilimwendea nikitafuta kazi ya kufua. Akaniambia kazi hana, ila kama nina mikono kuna ndengu za kuchambua. Nikaketi nikachambua. Sijaondoka tena, ijapokuwa asubuhi bado nauza mboga zangu Kangemi.

Vitunguu na viazi havipikwi pale, kwa sababu Wajaini, watu wa dini ya Mama Viraj, hawali kitu kilichong'olewa ardhini. Na kuna sheria nyingine ambayo ni yake mwenyewe: mpishi anakula kwanza, mbele ya watu, kwenye benchi lilelile. Hataki mtu afikiri anapewa mabaki. Kwa hiyo asipokula yeye, kila mtu anaona.

Agosti mwaka jana, Jumatatu, hakula.

"Mama Viraj, sahani yako hii," nikamwambia.

"Niko sawa, Mama Nashon. Wape watoto."

Nikadhani ni tumbo. Lakini Alhamisi alikuja kwa miguu, gari lake la kila siku halipo, midomo imekauka. Akakoroga ndengu huku ameshika ukuta. Hakuonja hata kijiko. Alikunywa maji ya moto tu, kutoka chupa yake.

Njambi, tunayepika naye na kusali naye jumuiya, akanivuta kando. "Huyu mama anakufa njaa na sisi tunamwangalia."

"Ana nyumba Parklands, Njambi. Atakosaje chakula?"

"Nyumba inaliwa? Kila Agosti si huwa anaenda kwa mwanawe Viraj, Uingereza? Mwaka huu ameenda? Kijana amemtupa, nakuambia. Gari ameuza. Sasa aibu inamzuia kusema."

Sikujua niamini nini. Mtu anayelisha wengine, akilala njaa yeye, anaombewa msaada wapi? Nikimwuliza, nitamvunjia heshima. Nikinyamaza, tutamwokota siku moja ameanguka kando ya sufuria zake. Nilisali rozari usiku mzima, na ule uso wake mkavu haukunitoka.

Nikapeleka habari zake kwenye jumuiya. Jumuiya yetu ya Kangemi hutembelea walio na shida: tunachanga unga, mafuta na sukari, tunaenda tukiimba, tunasali, tunaacha mzigo. Niliomba vitunguu na viazi visiwekwe.

"Mwenye njaa atachagua kitunguu?" Njambi akanicheka, akavitia vyote, na kabichi juu.

Jumapili baada ya Misa tukafika. Musili, mlinzi wa lango, alituangalia wanawake saba wenye vitambaa vya bluu na gunia.

"Mnaenda kwa nani?"

"Kwa Mama Viraj. Tunamletea chakula."

"Mnamletea yeye?" Akaangalia gunia, akaangalia juu ghorofani. "Haya basi. Pandeni."

Tulipanda tukiimba. Alifungua mlango akishikilia fremu. Tukaingia, tukapiga magoti, tukasali. Nilipofumbua macho alikuwa bado amesimama, anatazama kabichi.

"Mama Nashon, hii ya nani?"

"Ni yako, mama."

"Yangu?"

Akacheka. Alicheka mpaka akaketi, kisha kile kicheko kikageuka, machozi yakamtoka, na sisi tukabaki pale chini hatujui tuinuke au tuendelee kusali.

"Mimi nafunga," akasema. "Siku nane, maji tu. Kwetu mtu hatangazi. Leo ndiyo mwisho."

"Bila kula hata jioni?" Njambi akauliza.

"Hata jioni."

"Na gari?"

"Liko chini. Siku hizi natembea, ni sehemu ya kufunga."

Aibu iliniwaka hadi masikioni. Nikainuka kushika gunia. "Tusamehe, mama. Tulifikiri Viraj amekutupa."

Hapo hakucheka. "Hajanitupa," akasema. Kisha, polepole, "Hajapiga simu pia."

Akaeleza kwamba kwao anayefunga hivyo hajilishi siku ya kufungua. Mtu wake ndiye humtia kijiko cha kwanza mdomoni. Zamani alikuwa mumewe, halafu Viraj, ndiyo maana yeye alikuwa akisafiri kila Agosti. "Kesho kwenye ukumbi wa hekalu letu kila mtu atakuja na mtu wake. Mimi nitafungulia hapa nyumbani. Wewe utakuja, Mama Nashon?"

Nikasema nitakuja. Nilishuka zile ngazi sijielewi. Je, ni sala ya dini nyingine naingilia? Na Viraj akipiga simu usiku, nitakuwa nimekaa kiti cha nani? Nilipolala nilitaka kumwomba Mungu anizuie kama ni dhambi, nikaogopa kwamba atanizuia.

Asubuhi nilinawa mikono mara mbili. Simu yake ilikuwa mezani, kioo kimetazama juu. Haikulia. Alinionyesha bakuli la maji ya ndengu, ya vuguvugu, akafumba macho, akasema maneno ya kwao. Mimi nikajikuta nafanya ishara ya msalaba, sijui kama niliruhusiwa.

Nikainua kijiko. Akafumba mdomo.

"Nimekosea, mama?"

"Mpishi kwanza," akasema, akanisukumia kijiko kingine.

Nikaonja. Hayakuwa na chumvi. Kisha nikamlisha, akameza, akashika kifundo cha mkono wangu asikiachie, na mimi nikachota tena.

Lile gunia lilikuwa bado pale mlangoni, na vitunguu vyake.

"Kabichi tutaipika leo," akasema alipomaliza. "Hivyo vingine mpe Njambi."