Lori Katikati ya Laga

Kwenye duka la intaneti hapa Kakuma, nilimwona fundi akimwekea mama mmoja mchuuzi kutoka Sudan Kusini karatasi kiganjani.

"Setilaiti yenye inatuletea mtandao inasukumwa na umeme na gesi kidogo, mama. Nguvu yake ni kama uzito wa hii karatasi, na ndiyo inaishikilia mahali pake."

Mama akaitazama karatasi. "Na gesi ikiisha?"

"Hawangoji iishe. Ya mwisho inawekwa akiba, setilaiti ijisogeze kando isizibie zingine njia."

Mama akamrudishia karatasi, akasema polepole, "Ndugu yangu alizikwa Lodwar bila mimi. Nikienda mazishi, lori ilikufa mbele yetu katikati ya laga, ule mto mkavu wa mchanga, ikafunga njia; dereva akaiacha hapo, akaenda zake."

Nilitoka nimeduwaa. Kule juu hata dereva hakuna, na bado setilaiti inapisha zingine.